Shangazi alisema hajui Kingereza, nikamwambia afungue kabati

Shangazi yangu ana miaka 60 na kitu, na mwaka jana akaniambia anataka kujifunza Kingereza. Cha mitihani hakitaki, anataka tu kile cha kuongea na wajukuu zake ambao wamezaliwa mbali na wanampigia simu ya video kila jumapili, na yeye anabaki anatabasamu na kupunga mkono mpaka simu inakatika. Akasema "mwanangu mi nimechelewa, sina hata neno moja." Iyo ya sina hata neno moja ndo imenifanya niandike hapa leo, kwasababu sio kweli, na naona watu wengi sana wanaoongea kiswahili wanajidhulumu kwa kuamini hivo.

Nikamwambia shangazi, hebu simama hapo ulipo unitajie vitu unavyoviona humo chumbani, kimoja kimoja, usifikirie. Akaanza. Kochi. Redio. Swichi, waya, balbu, feni. Friji. Nikamwambia fungua kabati, akacheka akasema hata kabati nilikua sijalitaja, akalifungua akaendelea na taulo, blanketi, sketi, gauni, sweta, koti, soksi, zipu ya begi, begi lenyewe. Mi nilikua naandika tu, tulipofika maneno 30 nikamsimamisha nikamwambia shangazi, haya yote uliyotaja ni Kingereza, yamevaa tu nguo za kiswahili. Akanyamaza kidogo alafu akasema "we, usinidanganye." Sikumdanganya. Na ndo hapo tulipoanzia, na mpaka leo ndo njia ninayoiamini kuliko kumeza orodha ya maneno 1000 ambayo hujawahi kuyaona popote.

Sasa kuna siri moja ya haya maneno ambayo ukiijua unaweza kuyarudisha yalikotoka mwenyewe bila mwalimu. Kiswahili hakipendi neno liishie na konsonanti, lazima tufunge na irabu. Na iyo irabu hatuiweki ovyo. Kama sauti ya mwisho inatokea midomoni, yani b, p, m, f, v, mara nyingi tunaweka u, ndo maana tuna zipu, stampu, kilabu, timu, gemu, skafu, glavu. Kama sauti inatokea ndani zaidi, kwa ulimi, mara nyingi tunaweka i: shati, blanketi, benki, basi, tiketi, treni. Na yale ya Kingereza yanayoandikwa na er au or mwishoni yakifika kwetu yanafunguka kuwa a: kompyuta, sweta, hita, printa, mita. Haikamati kila neno, coach kwa mfano imekua kocha na towel imekua taulo, ila inakamata mengi sana, na hakuna mtu aliyekaa akatunga iyo sheria, ni midomo yetu wenyewe ndo imeamua.

Kwaiyo kurudi ni kuvua ile irabu ya mwisho. Unasema stampu, alafu unasema tena unaacha midomo imefungwa kwenye p usiifungue. Shangazi alikua anaweka kidole kwenye midomo kabisa ili aisikie inavyofunga. Zip. Stamp. Team. Scarf. Hili ni zoezi dogo ila ndo zoezi la matamshi lenye faida kuliko yote kwa mtu wa kiswahili, kwasababu tatizo letu kubwa tukiongea Kingereza ni kwamba tunaongezea irabu hata mahali ambapo haitakiwi, tunasema buku, tunasema bedi, tunasema gudi, na msikilizaji anapata shida kutuelewa sio kwasababu hatujui neno bali kwasababu tumelirudisha kwenye kiswahili kabla halijatoka mdomoni. Mtu akizoea kuvua irabu kwenye maneno anayoyajua, akija kwenye maneno mapya mdomo unakua umeshajua kufunga.

Alafu kuna kitu kilichonifurahisha sana nilipoanza kuchunguza. Maneno mengi ya hivi hatukuyachukua kwenye kitabu, tuliyachukua kwa sikio. Mtu alisikia, akasema alivyosikia, baadae ndo yakaandikwa. Matokeo yake tahajia yetu imehifadhi matamshi ambayo tahajia ya Kingereza yenyewe inayaficha. Angalia kabati. Kingereza wanaandika cupboard, na mwanafunzi anayesoma kwa macho atatamka kap-bodi, amekosea, ile p haisikiki kabisa na bodi haisikiki kama bodi, linatamkwa karibu kabisa na vile shangazi anavyolitamka akivua i ya mwisho. Risiti vilevile. Receipt ina p katikati ambayo hakuna anayeitamka, waliiingiza wasomi waliotaka neno lifanane na Kilatini, na kiswahili kikaipita kama vile haipo. Plau inatupa plough bila lile gh la kutisha. Na kanali, hili ndo nalipenda zaidi, maana colonel imeandikwa kwa namna ambayo haina uhusiano na inavyosemwa, ukiisoma kwa macho utasema kolonel, lakini aliyeisikia kwa masikio akaandika kanali na amekaribia kuliko msomaji. Nilimwambia shangazi kwamba kwa haya maneno yeye anatamka vizuri kuliko mimi nilivyokua natamka nikiwa mwanafunzi, na nilikua namaanisha.

Sasa lazima niseme na upande wa pili maana ukiamini kila neno litakurudisha sawasawa utapotea. Neno likihama linabadilika maana, kama mtu. Fulana imetokana na flannel, ila ukimwambia mzungumzaji wa Kingereza flannel anafikiria aina ya kitambaa laini chenye joto, fulana yetu yeye anaiita T-shirt au vest. Gauni ni gown, lakini gown siku hizi ni ya sherehe kubwa au mahafali au ya mgonjwa hospitali, la kila siku ni dress. Tochi ni torch kwa Waingereza, Marekani wao ni flashlight, na ukisema torch kule wanaona mwenge wa moto. Kipilefti, ambayo inatoka kwenye kibao cha keep left, kwa Kingereza inaitwa roundabout, na ona tulivyoipokea vizuri, tumeona ina ki mwanzoni tukaipa wingi wa vipilefti kama vile ilizaliwa kwetu. Soksi tumeichukua ikiwa tayari kwenye wingi, kwaiyo tunasema soksi moja, alafu tukiongea Kingereza tunasema one socks, wakati moja ni sock. Na sizoni! Watu wanasema anaangalia sizoni wakimaanisha tamthilia nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kwa Kingereza nzima ni series, season ni kipande kimoja tu cha iyo series, msimu wa kwanza, msimu wa pili.

Hoteli ilimletea shangazi mkanganyiko wa kweli. Alimwambia mjukuu wake kwa Kingereza cha kujikongoja kwamba leo amekula hoteli, mtoto akauliza kwa nini uko hotelini bibi, umesafiri, uko wapi, akaanza kuita mama yake. Kwetu hoteli inaweza kuwa mahali pa kula tu, kwao hotel ni pa kulala. Restaurant ndo neno alilokua analitafuta. Alifadhaika kidogo siku iyo, nikamwambia hapana shangazi, hili hutalisahau tena maisha yako yote, na kweli hajalisahau.

Kilichotuhamisha kutoka kwenye vitu vya ndani kwenda kwenye maneno ya majira ni sweta. Aliniuliza kwa nini inaitwa sweta na mi nilikua sijui, nikaenda kutafuta. Kumbe sweater inatoka kwenye sweat, jasho. Mwanzoni ilikua nguo ya wanamichezo, wanaivaa wakifanya mazoezi ili watoke jasho, baadae ikawa nguo ya baridi ya kila mtu. Kwaiyo kwenye sweta moja shangazi amepata sweat ambalo ni jasho, to sweat ambalo ni kutoka jasho, na sweaty ambalo ni mwenye jasho, na lile la joto na la baridi yako ndani ya neno moja. Akasema sasa hiki ndo Kingereza nachotaka, nipe ya baridi na ya joto, maana kila jumapili wale watoto jambo la kwanza wanalosema ni hali ya hewa.

Na ni kweli. Ukitaka kuongea na mtu usiyemzoea kwa Kingereza mlango ni hali ya hewa, na hapo ndo tunapojikwaa wengi kwasababu tunabeba kiswahili kizima kizima. Sisi tunasikia baridi, tunasikia joto, tunasikia njaa. Kingereza baridi haisikiwi, ukisema I hear cold watashangaa. Ni I'm cold au I feel cold. Ila uwe makini, I'm cold ni mimi nina baridi, it's cold ni hali ya hewa ni baridi, na I have a cold ni nina mafua. Haya matatu tulikaa nayo wiki nzima. Alafu mvua, sisi mvua inanyesha, mvua ni mtendaji, wao wanasema it's raining na iyo it haimaanishi kitu chochote, imekaa tu kushikilia nafasi. Na mvua kubwa sio big rain, ni heavy rain, mvua nzito, wakati upepo mkali ni strong wind na ukungu mzito ni thick fog. Hakuna sababu ya kuuliza kwa nini mvua ina uzito na upepo una nguvu, unaliokota neno na rafiki yake, yanakaa pamoja. Ukiandika rain peke yake kwenye daftari umeandika nusu.

Sasa majira yenyewe. Hapa nina jambo ambalo linaniuma kidogo. Miaka kadhaa nyuma niliomba nafasi kwenye mafunzo fulani ya mtandaoni, nikajibiwa kwa barua pepe fupi kwamba programu itakua early fall. Mi nikatafuta fall nikakuta kuanguka. Nikaisoma barua mara nne, nikaamini wananiambia programu imeanguka mapema, yani imekufa, nikaumia nikaacha. Wiki kadhaa mbele wakaandika kwamba sikuthibitisha kwaiyo nafasi wamempa mwingine. Fall walimaanisha msimu, ile miezi ya Septemba mpaka Novemba upande wa kaskazini wa dunia majani yanapopukutika. Neno dogo la herufi 4 ambalo nilikua nalijua tangu mtoto. Tangu siku iyo sijawahi kufundisha mtu neno fall bila kumpa maana zote mbili.

Na ukilijua lilikotoka haliwezi kukupotea tena. Zamani sana Waingereza msimu huo walikua wanauita harvest, mavuno. Alafu likaja autumn kutoka Kilatini kupitia Kifaransa, harvest likabaki na kazi ya kumaanisha mavuno yenyewe. Karne ya 16 watu wakawa wanasema fall of the leaf, kuanguka kwa jani, likafupishwa likabaki fall. Waliohamia Marekani wakalibeba, waliobaki Uingereza wakaliacha taratibu wakakaa na autumn. Kwaiyo mtu akikwambia fall unajua mara moja kakulia wapi au kajifunzia wapi Kingereza chake.

Spring ndo tamu zaidi. Shangazi alishakua nalo mdomoni, springi, ile ya godoro au ya kiti. Sukuma springi kwa mkono iachie, inaruka. Basi neno lenyewe kwa asili ni kuruka, kuchomoza kwa nguvu. Maji yakichomoza ardhini ni spring, chemchemi. Mimea ikichomoza baada ya baridi ni spring, majira ya kuchipua. Mtu akiinuka ghafla kitini he springs up. Godoro, chemchemi, majani mapya na mtu anayeruka, ni picha moja tu ya kitu kilichobanwa kikaachiwa. Nilimwambia asikariri maana 4, akumbuke mkono wake kwenye springi ya kochi, zingine zitakuja zenyewe. Siku tatu baadae akaniuliza mwenyewe, sasa jani likianguka ni fall na likiruka ni spring? Ndio shangazi, umezipanga vizuri kuliko kamusi.

Maana kamusi hapa zinatuumiza. Ukiangalia utakuta autumn imeandikwa vuli, spring imeandikwa masika, na mwanafunzi anafunga kitabu anaamini amemaliza. Lakini vuli ni mvua, zile fupi, na masika ni mvua, zile ndefu. Majani ya autumn hayapukutiki kwasababu ya mvua, na kwenye spring kinachosubiriwa ni joto lirudi na mchana urefuke. Neno limepewa jirani kwasababu lazima kamusi iandike kitu. Kwaiyo ushauri wangu wa wazi, majira usiyatafsiri, jifunze kama picha: jani linaanguka, chipukizi linachomoza, theluji, jua kali mpaka usiku umechelewa. Na upande wa pili nao uwe tayari kueleza masika kwa sentensi, the long rains, usimwambie mtu spring akaenda kufikiria maua. Alafu kumbuka dunia ina pande mbili, Desemba ya Uingereza ni winter na Desemba ya Australia ni summer, kwaiyo ukisoma tangazo lolote linalosema this summer angalia kwanza limeandikwa wapi ndo uhesabu miezi.

Miezi yenyewe sisemi sana kwasababu unayo tayari yote 12, Januari mpaka Desemba, ni kuvua tu au kurekebisha kidogo. Ila kuna zawadi imefichwa humo. Kalenda ya zamani ya Warumi ilianza Machi, ndo maana Septemba ina 7 ndani yake, Oktoba ina 8, Novemba 9 na Desemba 10. Ukishajua Desemba ni kumi, unaona desimali, unaona decade ambayo ni miaka 10. Ukishajua Oktoba ni nane unaona octopus, pweza na mikono yake 8. Mjukuu wa shangazi alikua hajui hili, shangazi ndo akamfundisha yeye jumapili, na sauti aliyonitumia baada ya iyo simu bado nimeitunza.

Nimeacha nilipendalo kuliko yote mpaka hapa. Tunasema msimu. Msimu wa mvua, msimu wa ligi, msimu wa mavuno. Tumelipata kwenye Kiarabu, mawsim, wakati maalum unaorudi. Mabaharia wa bahari ya Hindi walilitumia kwa zile pepo zinazogeuka mara mbili kwa mwaka, kaskazi na kusi, maana bila kujua majira ya upepo huendi na hurudi. Wareno walipoingia kwenye bahari hii wakalichukua kwa wale wale mabaharia wakasema monção, Waholanzi wakalipokea, na mwisho wa karne ya 16 likafika kwenye Kingereza likiwa monsoon. Kwaiyo msimu na monsoon ni neno moja lililopanda majahazi tofauti. Sisi limebaki na maana pana ya kipindi chochote, wao limebanwa likabaki na upepo na mvua zake. Tufani nalo ni hivo hivo, ni ndugu wa typhoon, ingawa kwenye typhoon wamechangia na Wachina na Wagiriki mpaka likafika lilivyo. Ukiyaweka msimu na monsoon kwenye mstari mmoja wa daftari, tufani na typhoon mstari wa chini yake, huna haja ya kukariri, unatambua sura tu kama unavyomtambua ndugu uliyepotezana nae utotoni.

Na ndugu wa hivi wako wengi. Sifuri, na zero, na cipher ambayo ni maandishi ya siri, yote matatu yametoka kwenye sifr ya Kiarabu. Amiri na admiral wana mzizi mmoja, tofauti mmoja ameenda baharini. Taarifa na tariff pia, tariff mwanzoni ilikua ni kuarifu tu, orodha ya kujulisha watu ushuru ni kiasi gani. Kaki ya sare za shule, kwao khaki, inatoka Kiurdu na Kiajemi ikimaanisha ya vumbi, rangi ya vumbi, kwaiyo mtu akikuuliza dusty ni nini unamuonyesha sare. Na Kingereza kimekopa hata nguo za baridi, hakikutunga, anorak wameichukua kwa watu wa Greenland wanaoijua baridi kuliko wao. Safari ndo wamechukua kwetu kabisa, karne ya 19, ila wameibana ikawa ni ile ya kwenda kuona wanyama, kwaiyo ukiwa unaenda msibani au kazini usiseme I'm going on safari, sema I'm travelling.

Mwavuli nauongeza kwasababu shangazi ndo aliyeugundua. Nilimwambia umbrella inatoka kwenye neno la Kilatini umbra, kivuli, na kwa asili ilikua ya kukinga jua. Akakaa kimya alafu akasema, "lakini mwanangu hata kwenye mwavuli si kuna uvuli humo ndani?" Niliurudia mara mbili kwa sauti. Mwavuli. Nimelisema neno hili maisha yangu yote na sikuwahi kulisikia.

Watu wananiuliza tunafanyaje kwa vitendo. Hakuna kitu kikubwa. Daftari moja, na kila msimu una kurasa zake. Neno linaingia siku tu ambayo kitu chenyewe kipo. Hatuandiki drizzle siku ya jua, tunasubiri manyunyu yaje, yakija tunatoka nje tunasimama tunasema it's drizzling, alafu ndo linaandikwa na tarehe. Dew liliandikwa alfajiri umande ukiwa kwenye majani na miguu yetu imelowa. Breeze, upepo mwanana, liliandikwa jioni moja tu nzuri. Muggy, lile joto la unyevunyevu linalokushika shingoni huwezi kulala, lilisubiri miezi mingi mpaka usiku mmoja shangazi akanitumia ujumbe saa 7 usiku, "ni leo". Maneno kama snow na frost tunayaandika jumapili tu, wakati wajukuu wanageuza simu kuelekea dirishani na kuonyesha. Inaenda polepole, najua, kuna programu za simu zinakupa maneno 20 kwa siku. Ila msimu ukirudi mwaka unaofuata unafungua ukurasa ule ule na neno limekusubiri, na mara hii unalitumia bila kufikiria. Mi sijaona njia nyingine inayokumbusha bila kuchosha kama dunia yenyewe inavyozunguka na kurudi.

Wiki iliyopita mvua ya kwanza imenyesha baada ya kiangazi kirefu. Shangazi akapiga simu, sio jumapili, akiwa amesimama mlangoni nasikia matone kwenye bati, akauliza ile harufu ya udongo mkavu ukipata maji ya kwanza wenzetu wanaiitaje, anataka kuwaambia watoto. Nikamwambia shangazi, hata wao hawakua nalo neno moja la kila siku kwa hili, mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, ndo walitunga, wakaenda kwenye Kigiriki wakachukua petra ambalo ni jiwe na ichor ambayo ni ile damu inayopita kwenye mishipa ya miungu yao wa hadithi, wakaunganisha. Petrichor. Akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu, polepole, na nyuma yake mvua ikazidi mpaka sauti ikawa inapotea.

Jioni akanitumia picha ya daftari. Tarehe, alafu chini yake ameandika kwa mkono wake jinsi alivyosikia: petrikoo. Nimeliacha hivo hivo.